Masomo ya nyumbani kutwa nzima, darasa la I hadi la III: ratiba ya shule, vipindi vifupi au mada moja?

PenseliHB
Wadau, likizo ikifika mtoto wa darasa la I au la II anashinda nyumbani, na mzazi anataka asisahau alichojifunza. Njia ninazoziona zikitumika ni tatu. Naziweka hapa, mnaozijua mzikosoe.

A. Ratiba ya shule: saa 2:00 asubuhi hadi saa 6:00 mchana, vipindi vya dakika 30, mapumziko mara moja.

B. Vipindi vifupi: dakika 15 kwa darasa la I, 20 kwa la II na la III. Kila kipindi kikiisha mtoto anainuka, akaruke kamba, akateke maji, achambue mchele. Vinne asubuhi, kimoja jioni.

C. Mada moja: siku nzima ni ya "soko", au "maji", au "mbegu", na KKK zote (kusoma, kuandika, kuhesabu) zinapitia humo.

Kwa maoni yangu A ndiyo rahisi kuipanga na ndiyo ya kwanza kuvunjika. Dakika 30 za darasani zinagawanywa kwa watoto 60. Mmoja akisoma, wenzake wanapumua. Nyumbani yuko peke yake mbele ya mtu mzima na zote 30 ni zake. Zikifika 20 anaanza kubahatisha, mzazi anadhani ni uvivu.

Bi Silabi
Nipo na B, kwa sharti kusoma kutangulie kila kitu, kichwa kikiwa bado chepesi. Kwa darasa la I, dakika 5 kadi za silabi, 5 kuunganisha maneno, 5 sentensi mbili tatu za kitabuni.

Kadi: kata boksi la biskuti vipande vya sentimita 6 kwa 8, kila kimoja silabi moja, herufi ndogo tupu. Kadi 20 zinatosha kuanzia, yaani konsonanti 4 kwa irabu 5. Kosa linaloharibu kazi yote ni kuzipanga ma, me, mi, mo, mu kila siku. Hapo mtoto anaimba, hasomi. Zichanganye kama karata: mwoneshe mu, kisha ba, kisha ki. Akikwama usimtajie. Funika irabu kwa kidole, atoe sauti ya konsonanti, halafu ondoa kidole.

Kitabu alichokwisha kukihifadhi hakipimi chochote. Mwandikie neno lisilokuwepo, mfano "lifobu". Akilitamka sawasawa, huyo anasoma kweli. Na tafadhali, nga na ng'a zisiletwe siku moja.

Vijiti Mia
Kwenye hesabu njia zote tatu zinaangukia shimo moja: daftari kutangulia vitu. Mpe wa darasa la II 32 − 17. Akiandika 25, ameona 7 ni kubwa kuliko 2 akatoa 2 kwenye 7, kisha 1 kwenye 3. Kumwambia "kopa" hakumsaidii, maana hajui anakopa nini wala kwa nani.

Chukua njiti za fagio la chelewa, kata 100 zenye urefu wa sentimita 10, sugua ncha kwenye saruji zisichome. Zifunge kumikumi kwa rababendi. 32 ni mafungu 3 na njiti 2. Anatakiwa atoe 7 kwanza, mkononi ana 2 tu. Hapo afungue fungu yeye mwenyewe, si wewe. Sasa ana njiti 12, anatoa 7, zinabaki 5. Kwenye mafungu 2 yaliyobaki anatoa 1. Jibu ni fungu 1 na njiti 5, yaani 15. Ndipo aandike. Hesabu 3 za namna hii zinajaza dakika 20.

Akiwa anahesabu upya njiti za fungu, moja mpaka kumi, kila mara, basi bado hajaiamini kumi. Usimkaripie. Mrudishe kwenye 11 hadi 19 siku mbili tatu.

Baraza la Duka
Na nyumba yenye watoto wawili, darasa la I na la III, mtu mzima mmoja, naye anahudumia wateja? B si itamshinda?

PenseliHB
Haimshindi akiwapishanisha. Kipindi kinachohitaji macho yake kwa mmoja kikutane na kisichomhitaji kwa mwingine:

2:00 wa darasa la I anasoma na mzazi. Wa la III ananakili aya ya mistari 5
2:20 kamba, wote: mdogo anahesabu moja moja, mkubwa tano tano
2:35 wa la III anasoma kwa sauti na kujibu maswali 3. Mdogo anaandika herufi
3:00 chai, na vyombo waoshe wao
3:30 mdogo njiti. Mkubwa hesabu 6 za kuzidisha, kisha wanabadilishana

Mkubwa asifanywe mwalimu wa mdogo. Atamnong'oneza majibu ili wamalize haraka. Mpe kazi ya kushika kadi tu.

Mwandiko Safi
Kuhusu herufi za saa 2:35: sinia, mchanga mkavu wa kina cha sentimita 1, kidole. Wiki ya kwanza hiyo inatosha, penseli baadaye. Herufi a, d na g zote zinaanza na duara linalozunguka kuelekea kushoto. Mtoto anayeanza d kwa mstari wa kusimama ndiye anayeichanganya na b.

Daftarini, mstari mmoja wa herufi 8 chini ya jicho lako unashinda ukurasa mzima. Mtoto ananakili herufi yake iliyotangulia, hatazami tena ya mwalimu. Ya tatu ikipinda, zote zinazofuata zinapinda.

Shamba Dogo
Mnaionea C. Kweli, ikibebeshwa siku nzima kusoma kunazama na muda unaishia kwenye kupaka rangi. Ipeni alasiri, saa 10:00 hadi 11:00.

Duka: makopo na maboksi matupu, bei 1 hadi 20, pesa ni vizibo vya soda. Pesa halisi zinamchanganya wa darasa la I, kwa kuwa 500 na 1,000 ziko mbali na namba anazozijua. Ana 20, amenunua cha 13, mwenye duka amrudishie chenji huku akihesabu kwenda mbele: 14, 15, hadi 20.

Mbegu: maharage 5 yaliyolowekwa usiku kucha, pamba yenye unyevu, chupa ya plastiki iliyokatwa. Mzizi unachungulia baada ya siku 2 hadi 4. Yakielea majini yanaoza, kwa hiyo pamba ikaminywe kwanza. Kila jioni apime mche kwa rula na aandike sentensi moja. Chungeni anapoanzia: wengi wanaanzia kwenye 1 au kwenye ukingo wa rula, na mche unaonekana umerefuka au umefupika ghafla. Aanzie 0.

Mvita Kusoma
Huku Kenya, wa gredi ya 1 hadi ya 3 anasoma Kiswahili na Kiingereza pamoja, na hata Tanzania shule za Kiingereza zipo. Tenganisheni vipindi hivyo, kimoja asubuhi, kingine alasiri. Jina la herufi e kwa Kiingereza linasikika kama i yetu, na la i linasikika "ai". Ndiyo sababu mtoto anasoma "mimbi" palipoandikwa "membe". Mfundisheni sauti za herufi, majina yatakuja baadaye.

Baraza la Duka
Hicho kipindi cha jioni kina nini? Na akigoma?

Bi Silabi
Jioni mtu mzima ndiye anayesoma, mtoto anasikiliza, dakika 10 kabla ya chakula. Baada ya kula atasinzia. Simama mara moja katikati umuulize, "Unadhani atafanya nini sasa?" Swali hilo moja linatosha, ukizidisha unageuka mtihani. Akigoma asubuhi, punguza kadi kutoka 20 hadi 6 anazoziweza, lakini saa ya kusoma ibaki ileile.