Kijiji cha India: wanawake wengi kuliko wanaume ila watoto wa kike wachache, inakuwaje?

Mwl_Songea
Wakuu habari za jioni. Naandaa somo la idadi ya watu kwa kidato cha nne, nikachukua takwimu za sensa ya India ya 2011 za kijiji kimoja kiko milimani huko Uttarakhand, wilaya ya Pauri Garhwal, watu hawafiki hata mia mbili. Sasa nimekwama. Wanawake ni wengi kuliko wanaume tena kwa mbali, na mimi miaka yote nafundisha kwamba India wanaume ndo wengi. Halafu ukishuka kwa watoto wa miaka 0 mpaka 6 mambo yanageuka, wa kiume ndo wamezidi. Na hiyo asilimia ya wanaojua kusoma nikipiga mwenyewe kwa idadi ya kijiji chote naipata ndogo kuliko yao. Nakosea wapi? Kesho kutwa naingia darasani.

Hesabu_Kichwani
Mwalimu hujakosea, ila hapo kuna habari mbili na usizichanganye. Wakubwa wanahama, watoto wadogo wanabaki na mama zao. Sensa ya India inamhesabu mtu pale anapoishi, sasa mume aliyeko Delhi mwaka mzima anahesabiwa Delhi, kijijini anabaki mke na wazee. Ndo maana Pauri Garhwal nzima 2011 ilikuwa na wanawake 1103 kwa kila wanaume 1000 wakati India yote ni 943, na watu wa wilaya hiyo walipungua tangu 2001 badala ya kuongezeka.

Ile ya watoto ndo inayouma. India nzima 2011 watoto wa kike walikuwa 919 kwa wavulana 1000, jimbo la Haryana 834 tu, na hapo sababu si kuhama, sehemu kubwa ya pengo hilo ni mabinti ambao hawakuachwa wazaliwe kwa sababu watu walipima mimba wakatoa. Sheria ya kukataza kupima jinsia ya mtoto tumboni ipo tangu 1994.

Kusoma: wao wanatoa kwanza watoto chini ya miaka 7 ndo wanagawanya. Jaribu tena utaona inakubali.

binti_wa_Tanga
Niko Dubai jikoni hotelini, wapishi kama wanne hivi tunaofanya nao kazi ni wa hukohuko Garhwal. Mmoja aliniambia kwao mashamba ni ngazi za mlimani, maji ya mvua tu, nguruwe pori na nyani wanamaliza kilichobaki, sasa kijana akimaliza shule ni jeshini (kikosi cha Garhwal Rifles makao yake Lansdowne, wilaya hiyohiyo) au hotelini. Wanaokata majani ya ng'ombe na kubeba kuni ni wanawake. Mama yake yuko peke yake na mkwe wake, nyumba za jirani zimefungwa makufuli mpaka yameota kutu. Wanalo kabisa neno lao, palayan, yaani kuhama huko, na ukimtajia tu sura inabadilika.

Kaka_Mkubwa
Naongezea kidogo kwa Hesabu. Kijiji cha watu mia mbili watoto wa 0 mpaka 6 watakuwa ishirini hivi. Wakiwa wavulana 11 wasichana 9 unapata 818, azaliwe binti mmoja tu inaruka mpaka 909! Kwa hiyo mwalimu usiwaambie wanafunzi kijiji hicho wanaua mabinti, humo hakuna ushahidi. Chukua wilaya au jimbo zima ndo useme.

Mwl_Songea
Dah, nashukuru sana wote. Nimepiga tena bila watoto, imekubali kabisa. Hiyo ya Kaka ndo nitaanza nayo ubaoni maana mimi mwenyewe nilikuwa nishaandika kwenye noti kwamba kijiji kinabagua mabinti, nafuta sasa hivi. Kuna sensa mpya zaidi ya hiyo 2011?

Hesabu_Kichwani
Hakuna mwalimu. Ya 2021 iliahirishwa kwa ajili ya korona, imepangwa 2027. Tumia hiyohiyo ila andika mwaka juu ya jedwali.