Tupeane uzoefu: kumzoesha mtoto wa mjini mikoko na bamvua

Mama Wawili (Dar), mleta mada

Shikamooni wakubwa, vijana mambo vipi. Uzi huu ni wa wanaopeleka watoto pwani kujifunza, si kuogelea na kula chipsi. Kuna watu wamekulia mita mia mbili kutoka baharini na hawatofautishi mchu na mkandaa, aina mbili za mikoko, na kuna wengine wanakaa Nairobi au Dodoma miaka 30 lakini ukiwaonyesha mwezi tu wanakwambia maji yako wapi. Naona tofauti ni nani aliwashika mkono wakiwa na miaka 6 hadi 12, na aliwafanyisha nini. Tafadhali tusianze "enzi zetu". Leteni hatua, vipimo na mambo yanayoharibika.

Nahodha Mkavu (Tanga)

Anza na mwezi kabla hujawaza viatu. Wazazi wengi wanapanga kwa Jumamosi. Jumamosi ikiangukia maji mafu (siku ambazo maji hayajai wala hayapwi sana), tope halifunuki, mtoto anaona maji tu na anaomba simu.

Bamvua, yaani maji yanayojaa sana na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, kilele chake siku moja au mbili baadaye. Kwa mwambao wetu, siku hizo maji hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na hujaa kwenye saa kumi. Kila siku inayofuata saa husogea mbele kama dakika 50, kwa hiyo baada ya wiki moja kupwa kumefika alasiri na ni maji mafu. Mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani tayari ana jedwali: tarehe 1 hadi 3, na 15 hadi 17. Mwache mtoto atafute siku mwenyewe, wewe hakiki kwa jedwali la bandari. Bamvua kubwa kuliko zote ni za Machi na Septemba, ila Septemba chunguza upepo wa kusi umetulia au la.

Fikeni saa mbili na nusu, maji yakiwa bado yanatoka. Mtoto achome kijiti penye ukingo wa maji, baada ya dakika 10 achome kingine, hivyo hivyo mpaka kupwa. Vijiti vya katikati vitaachana sana, vya mwisho vitakaribiana. Hapo ameona kwa macho yake kwamba maji hayaendi mwendo mmoja, na hutahitaji kumchorea kitu.

Geukeni kurudi dakika ile maji yanaposimama. Unguja tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4 wakati wa bamvua, na hatari haitokei mbele mnakoangalia: ni ule mfereji mliouvuka asubuhi magotini, ulio nyuma yenu, ndio unajaa kwanza.

Bi Mchu (Kwale)

Mkuu hapo juu kamaliza saa, mimi nakuja na miti. Msimpe mtoto majina kumi siku moja. Matatu yanatosha, na kila jina lishikwe kwa mwili.

Mchu: chuma jani moja lisilo na umande, mwambie alambe. Chumvi. Huo mti unanyonya maji ya bahari na kutoa chumvi kwenye majani, na jua likiwa kali unaona chembe zake zinang'aa. Chini yake kuna mizizi imechomoza juu kama penseli zilizosimikwa. Ndiyo inayovuta hewa, kwa sababu ndani ya tope hakuna hewa. Wasikanyage penseli hizo. Mtoto akishaambia wenzake "unakanyaga pua ya mti", kazi yako imepungua nusu.

Mkoko (miti hii yote huitwa mikoko, ila huu ndio wenye jina hilo hasa): unasimama kwa miguu ya upinde, mtoto mdogo anaweza kupita chini yake.

Mkomafi: tunda la mviringo, gumu, zito. Likipasuka, mbegu zake zina pembe pembe na zinashikana kama vigae. Zitoe zote, zichanganye, mpe azirudishe ziwe mpira tena. Wakubwa nao hushindwa, na ndiyo raha yake.

Msinzi (magoti yanayotokeza topeni) na mkandaa waachie safari ya tatu. Mlilana uko mbele kabisa baharini, nao usiufuate na mtoto wa miaka 6.

Kwa wasio na mwenyeji: Gazi kuna njia ya mbao inayotunzwa na akina mama, na Unguja kuna nyingine Pete, upande wa Jozani. Hata mwenye mguu mbovu anafika katikati ya mikoko bila kugusa tope. Ila mtoto ambaye hajagusa tope bado hajafika, huo ni msimamo wangu.

Kaa Koko (Rufiji)

Kupanda sasa, maana hapa ndipo pesa na nguvu za watu hupotelea. Kwanza, usijipandie tu. Mikoko ni msitu wa hifadhi, Tanzania na Kenya. Ongea na BMU (kikundi cha wanajamii kinachosimamia ufuo na uvuvi) au kamati ya mazingira ya kijiji. Zanzibar anza kwa sheha. Wanajua pia wapi pamekwisha pandwa mara tatu na pakafa.

Kwa watoto, panda mkoko. Mbegu yake inaanza kuota ikiwa bado mtini, ndefu kama ganda la mlonge, na mkono mdogo unaishika vizuri. Iliyokomaa ina pete ya manjano shingoni na ukiizungusha kidogo inaachia. Ikigoma, iache. Tupa zenye tundu la mdudu, zilizokauka na zilizopinda sana. Mbegu 20 kwa mtoto zinatosha; mia ni mashindano ya watu wazima.

Ziweke kivulini siku chache kabla ya kupanda. Mbichi kabisa kaa wanazipenda, wanazikata au kuzivuta shimoni. Siku ya kupanda, njoo na kamba ya mita 10 yenye fundo kila mita moja. Penye fundo, mbegu inasukumwa kwa mkono, theluthi yake iingie topeni. Ya sentimita 45 inaingia 15. Ncha kali chini, penye kichipukizi juu. Watoto hugeuza, na walimu pia hugeuza, kwa hiyo pita nyuma ukikagua. Ukiingiza nusu nzima inaweza kuoza, ukiingiza kidogo bamvua inayofuata inaing'oa.

Kosa kubwa ni mahali. Watu hupanda kwenye uwanja wa tope ulio wazi, mbele, kwa sababu hauna mti na picha inatoka nzuri. Huo uwanja hauna mti kwa sababu maji hukaa juu yake muda mrefu mno. Mche unazama, unapata vile vigamba vyeupe vinavyoganda kwenye ngalawa, unalemewa na kulala. Na pengine umekanyaga majani bahari ambako samaki wanazaa. Kanuni: simama penye mkoko mkubwa, tazama usawa wa ardhi, panda kwenye usawa huo huo pale palipokatwa.

Mpwani Mgumu (Mombasa)

Kaka Kaa Koko umesema sawa, lakini mie ningetoa kupanda kabisa mwaka wa kwanza. Mahali pazuri pa kupanda mara nyingi pana miche inayoota yenyewe, na mtoto anaweza kuchagua mitano kati ya hiyo iwe yake bila kuchoma kitu. Kupanda ni siku moja na kofia na picha. Kinachomfunga mtoto na mahali ni kurudi.

Mpe daftari lenye kifuniko kigumu na penseli (kalamu hufutika). Kila bamvua ya mwezi mpevu aandike urefu, jozi za majani, na nani kamla. Apime kuanzia pale kichipukizi kinapotokea kwenye mbegu, asipime kutoka topeni, kwa sababu tope hupanda na kushuka na mtoto ataona mche wake "umefupika". Akikuta umekufa aandike umekufa, na sababu anayoidhani. Msimpandie mwingine kisirisiri usiku, watoto wanajua.

Darini (Lamu)

Kwa siku za mvua: mlaze mtoto chali kwenye nyumba ya mawe, ahesabu boriti za dari, ambazo ni miti ya mikoko. Chumba ni chembamba kwa sababu boriti haivuki zaidi ya hapo. Halafu apange majina kwa unene: fito, pau, mazio, boriti. Zilikuwa zikipakiwa majahazini kwenda Ghuba mpaka Kenya ikapiga marufuku kuuza nje mwaka 1982.

Bin Muscat

Salaam kutoka huku. Tulio Oman tusijitoe: Qurm, katikati ya Muscat, kuna mchu, ule ule wa nyumbani, na Qurm yenyewe ni jina la mti huo kwa Kiarabu. Aina ni hiyo moja tu, kwa hiyo somo la kulamba jani linafanyika, la mkomafi subirini likizo.

Mama Wawili (Dar)

Asanteni mno. Mpwani na Kaa Koko mtamalizana wenyewe. Miguuni wavae nini, na akinasa topeni?

Nahodha Mkavu (Tanga)

Ndala hapana, tope linazibakiza. Raba kuukuu zenye kamba, zifungwe barabara, au soksi mbili nene juu ya tope laini. Kwenye maji yanayofika muundi wa mguu waburute miguu, taa (yule samaki bapa mwenye mwiba mkiani) akisikia huondoka. Konokono mwenye gamba la umbo la koni, hata akiwa na madoa mazuri vipi, haokotwi. Mtoto akichomwa na taa au na yule samaki anayejifanya jiwe, loweka mguu kwenye maji ya moto kiasi anachovumilia (jaribu kwanza kwa mkono wako), dakika 30 na zaidi, huku mkielekea hospitali. Kwa hiyo beba chupa ya chai iliyojaa maji ya moto.

Akinasa, asivute mguu juu. Akae kitako au alale chali, atikise kisigino kushoto na kulia maji yaingie pembeni, mguu utatoka wenyewe. Raba mtaifuata baadaye kwa mkono.