Mjadala: Mashirika ya umma yarudi kumiliki bendi za dansi?

Fundi Gitaa
Wakuu, naomba tulijadili hili kwa uzito wake. NUTA Jazz ilianza 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Ikawa JUWATA, ikawa OTTU, leo ndiyo Msondo. Mlimani Park ilianza 1978 ikilelewa na shirika la usafiri na teksi, 1983 wakaichukua DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Shirika la BIMA walikuwa na bendi, UDA wa mabasi ya Dar walikuwa nayo, polisi na jeshi usiseme. Mwanamuziki alikuwa na mshahara na alikwenda mazoezini kama wenzake wanavyokwenda ofisini. Ndiyo maana magitaa yale yalipishana bila kukanyagana. Leo tuna mashirika yanayopata faida. Kwa nini yasirudishe bendi?

Mjukuu wa Kariakoo
Shikamoo mzee wangu. Ila tuambizane ukweli. Redio ilikuwa moja, televisheni Tanzania haikuwepo mpaka 1994. Mtu akilishwa nyimbo zilezile wiki nzima atazipenda tu. Hamkuwa na kingine cha kusikiliza.

Binti Malindi
Ati televisheni Tanzania haikuwepo? Sisi Zanzibar tulikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 70, tena ya serikali. Nyinyi wa bara mmechelewa miaka 20. Sema "bara haikuwepo", usiseme Tanzania. Kila siku mnatusahau hivi hivi.

Mjukuu wa Kariakoo
Dada, hoja ilikuwa muziki.

Binti Malindi
Umeitia televisheni mwenyewe, sasa ijibu. Mtaani kwetu tulikuwa tunawahi kutandika mikeka kabla ya magharibi ili tupate pa kukaa mbele. Bibi yangu hakujua kusoma lakini saa ya taarifa ya habari alikuwa anaijua. Hayo ni maisha yetu, usiyafute kwa sentensi moja.

Antena ya Mwanzi
Namuunga mkono bibie. Mjomba wangu Dar alifunga antena juu ya mti mrefu akawa anainasa Zanzibar. Upepo ukivuma, mtoto mmoja anatumwa nje kuuzungusha mti, wa ndani wanapiga kelele "hapohapo!" Mtoto mwenyewe ndiye mimi, kwa hiyo sikuona hata kipindi kimoja mpaka mwisho.

Fundi Gitaa
Jamani, bendi! Nimeuliza bendi.

Mwana wa Tarumbeta
Mzee Fundi, nakujibu mimi. Baba yangu alipuliza tarumbeta katika bendi ya shirika moja, sitalitaja. Mshahara alikuwa nao, kweli, na tulisoma kwa mshahara huo. Lakini tarumbeta ilikuwa mali ya shirika, sare mali ya shirika, hata jina la bendi mali ya shirika. Bendi ilipovunjwa alitakiwa kurudisha vifaa. Alirudi nyumbani na kile kipande kidogo cha kuwekea mdomo tu, kwa sababu alikinunua kwa pesa yake. Alikifunga kwenye leso akakiweka kabatini. Nyimbo alizopuliza bado nazisikia redioni, senti haijawahi kuja. Unaporudisha bendi za mashirika, mnarudisha na hilo?

Kijana wa Sinza
Mwajiri wa binafsi alikuwa bora? Mwimbaji Gurumo alitoka Mlimani Park 1985 akaenda Orchestra Safari Sound, bendi ya mfanyabiashara. Mtu aliyekuwa na mshahara wa DDC! Pesa ilizungumza.

Fundi Gitaa
Kijana, unajibu nisichosema. Gurumo aliweza kuvutwa kwa sababu shirika lilikuwa limemlea akaiva. Huyo mfanyabiashara alichuma embe lililokwisha kuiva. Mwana wa Tarumbeta, pole sana. Hilo la nyimbo kubaki mali ya wengine silitetei.

Binti Malindi
Na mkimaliza mashirika yenu, Ikhwani Safaa, kikundi cha taarab, ipo Unguja tangu 1905. Klabu ya wanachama. Mtu anatoka kazini kwake, anachukua fidla yake, anakwenda mazoezini usiku. Hakuna shirika lililowalea na wanapiga mpaka leo.

Fundi Gitaa
Taarab watu wanakaa, wanasikiliza, wanatunza. Dansi ni kupiga mpaka alfajiri, siku nne kwa wiki. Huyo wa kutoka kazini ataamkaje asubuhi?

Binti Malindi
Umewahi kuhudhuria harusi ya Unguja wewe? Nani kakwambia tunalala?

Mjukuu wa Kariakoo
Dada, la televisheni nimekosea, niwie radhi. Ila redio ilikuwa moja.

Antena ya Mwanzi
Moja wapi! Tanga tulikuwa tunasikiliza Kenya mchana kutwa.