Tupeane uzoefu: darasa la maandalizi ya kujifungua, ulichaguaje?

Mama Kijacho
Wapendwa habari zenu. Nina mimba ya wiki 26, ya kwanza, niko Dar. Kliniki nahudhuria, ila somo la asubuhi pale kwenye mabenchi linaishia dalili za hatari na chandarua, kisha foleni inaanza. Nimepata madarasa mawili ya kulipia: la Jumamosi kwa mkunga mstaafu, na la wasapu. Mliosoma, mlichaguaje? Msinitishe tu, hadithi za kuchanika nimeshiba.

Bibie wa Tabata
Hongera mwaya. Mimi nilisoma na mume wangu. Akafundishwa kunisugua kiuno uchungu ukija, kunihesabia pumzi, kunishikilia nikichuchumaa. Mwanaume wa watu akaiva kweli, kila jioni ananifanyisha mazoezi kabla ya taarifa ya habari. Siku ya siku tunafika hospitali, mlangoni tu: "Baba, wewe subiri nje." Wodi ya wengi, vitanda vimetenganishwa kwa pazia, wanaume hawaingii. Akabaki kwenye benchi kakumbatia beseni langu. Kwa hiyo kabla hujalipia darasa la wawili, nenda wodi ya wazazi utakakojifungulia uulize: msindikizaji anaruhusiwa? Mume au mwanamke tu? Kama ni mwanamke tu, nenda kasome na dada yako.

Mkunga Kazini
Aliyefundishwa vizuri tunamjua akifika tu, haji na uchungu wa uongo. Ule hauna mpangilio, ukitembea au ukibadili mkao unapoa. Wa kweli unazidi kukolea na kukaribiana. Mimba ya kwanza isiyo na tatizo, njoo ukiuma kila dakika 5, ukidumu dakika 1, na hali hiyo ikaendelea kwa saa 1. Unakaa mbali? Usingoje. Chupa ikivunjika, damu ikitoka, mtoto akipunguza kucheza, kichwa kikiuma sana na macho kuona maruweruwe: usihesabu kitu, njoo.

Mwalimu anayekuahidi hutasikia maumivu, au anayekuuzia mitishamba ya kuharakisha uchungu, mkimbie. Dawa hizo zinaweza kuukaza mfuko wa uzazi hadi mtoto akachoka, hata mfuko ukapasuka.

Mama wa Likoni
Mimi nilisoma mtandaoni, mume yuko Muscat kikazi, basi yeye asoma kule mimi huku. Mamangu akipita nyuma acheka: "Sisi somo, yule kungwi wetu, alitufunza bila bando." Uzuri wake rekodi unairudia. Ubaya, ukiuliza swali wajibiwa kesho. Nami niliishia kupasuliwa, na hapo ndipo darasa liliponifaa: nilijua sindano ya mgongo, nilijua mpira wa mkojo, nilijua mtoto atanyonya vipi bila kulemea kidonda. Jirani yangu kitandani hakuambiwa lolote, alilia tangu alfajiri.

Baba Pacha
Sisi wa benchini na beseni tunaomba darasa letu.

Mama Kijacho
😂 Baba Pacha pole. Nimeuliza wodini: msindikizaji mmoja, mwanamke, basi nakwenda na wifi. La wasapu wanafundisha na upasuaji. Mkunga mstaafu nilipomuuliza akanikatisha, "Usijitabirie mkosi, mwanangu." Na yeye ndiye aliyefanya kazi miaka mingi kwenye wodi hiyohiyo nitakayojifungulia. Hapo nimekwama. Kuna aliyewahi kusoma kote kuwili?