Naomba ushauri: mtu aliyekuja uwanjani mara moja, tumfanyeje ili arudi?

Katibu_Mafinga:

Kamwene, ndugu zangu wa Nyanda za Juu Kusini, na salamu kwenu nyote mtakaousoma uzi huu. Mimi ni katibu wa klabu ndogo ya mpira wa miguu hapa Mafinga, inayocheza ligi ya mkoa wa Iringa, na huu ni msimu wangu wa pili katika nafasi hii. Sitaitaja timu kwa jina kwa kuwa viongozi wenzangu hawajaniruhusu kulileta jambo hili hadharani, ila naamini shida yenyewe inazigusa timu nyingi za ngazi yetu.

Tunao watu wapatao arobaini ambao hawakosi mechi. Hao sina wasiwasi nao, kwa sababu wengi ni ndugu wa wachezaji au waliichezea timu hii zamani, na hata mvua ikinyesha utawakuta wamejikunyata chini ya misindano wakiendelea kushangilia. Ninaowaulizia ni wale wanaokuja na kupotea. Tukicheza na majirani zetu uwanja unafurika, hadi vijana wa bodaboda wanasimama juu ya pikipiki zao ili waone, lakini Jumapili inayofuata nikihesabu vichwa narudi kwa wale wale arobaini.

Wiki mbili zilizopita alikuja kijana kutoka kiwanda cha mbao, unga wa mbao ukiwa bado umemganda mabegani na kwenye nyusi, akalipa shilingi 1,000 langoni, kisha akaniuliza, "Katibu, leo mnacheza na nani?" Alikuwa amesikia ngoma tu akiwa njiani kurudi nyumbani. Alitazama kipindi cha kwanza chote, na tulipofunga bao aliruka na kumkumbatia mtu asiyemjua. Ilipofika mapumziko akaondoka, kwa sababu Yanga walikuwa wanakaribia kuanza naye alitaka kuwahi nafasi kwenye kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira kwenye runinga. Nilimtazama akiishia barabarani, ndipo nikatambua kwamba sikumuuliza jina wala sikumwambia mechi ijayo ni lini, na kwa kweli hata mimi nilikuwa sijui, maana ratiba yetu hubadilishwa mara kwa mara na taarifa hutufikia ikiwa imebaki siku moja au mbili.

Wenzangu wanapendekeza tufute kiingilio. Mimi nina shaka kama fedha ndiyo inayomzuia mtu ambaye nusu saa baadaye ataenda kulipa kibandani. Naomba ushauri wa wenye uzoefu.

Mwana_Mwanjelwa:

Ndugu Katibu, nakujibu kama mtu ambaye mwenyewe niliwahi kuwa shabiki wa kuja na kupotea. Msimu wa 2013/14, Mbeya City ilipocheza Ligi Kuu kwa mara ya kwanza, ikiwa klabu iliyoanzishwa mwaka 2011 tu, ilimaliza nafasi ya tatu nyuma ya Azam na Yanga. Watu ambao hawakuwahi kukanyaga Uwanja wa Sokoine walianza kwenda, na mimi nikiwamo. Hapa Mwanjelwa ulikuwa ukitembea sokoni unakutana na jezi za zambarau kila kona, na mtu akikuambia "Koma kumwanya!", kaulimbiu ya mashabiki wa timu hiyo, unaitikia hata kama humjui. Tulipata kitu cha kuvaa na cha kusemezana kama watu wa Mbeya, na hilo lilitosha kutuvuta.

Kuvutwa ni jambo moja, ndugu yangu, na kubaki ni jingine. Matokeo yalipoanza kusuasua nikakosa mechi moja, kisha mbili, kisha msimu mzima, na hakuna hata mtu mmoja aliyeniuliza mbona sionekani. Timu iliposhuka daraja mwaka 2023 nilisikia redioni kama habari ya mkoa mwingine. Imerudi Ligi Kuu mwaka 2025 na mimi nimerudi nayo, lakini safari hii ni kwa sababu jirani yangu mwenye duka la vipuri ananipitia kila siku ya mechi. Akinipitia siwezi kusema nimechoka.

Kwa hiyo usianze na bango kubwa pale barabara kuu. Tafuta mtu mmoja ndani ya kila kiwanda cha mbao, mmoja stendi na mmoja sokoni, ambaye kazi yake ni kuwapitia wenzake. Simba na Yanga zina wapenzi hadi vijijini kwetu kwa sababu nyingi, lakini mojawapo ni matawi, ambayo humpa shabiki wa mbali mahali pa kukaa na watu wa kumjua.

Mwenye_Kibanda_Makambako:

Naomba nichangie nikiwa upande unaolaumiwa, kwa sababu naonyesha mpira hapa Makambako na kijana yule angeweza kuwa mteja wangu. Katibu, hakuna mtu wa Mafinga atakayeiacha Simba au Yanga kwa ajili ya timu ya ligi ya mkoa, na nakusihi usimtake achague, kwa sababu ukimlazimisha utakuwa umemkosa kabisa. Mtu anaweza kuwa na timu ya taifa zima na timu ya mtaa, mradi saa zake zisigongane.

Tazama hesabu ya muda. Mechi ni dakika 90 na mapumziko ni dakika 15, hivyo ukianza saa 8 kamili mchana, hata ukiongeza dakika za majeruhi, mtu yuko huru kabla ya saa 10, muda ambao mechi nyingi kubwa za jioni huanza. Wewe ulianza saa 9 au saa 9 na nusu, si kweli? Timu za ngazi yenu hupenda saa 10 kwa sababu jua limepungua, lakini jua la Mafinga si la Kyela wala la Dar es Salaam. Mwezi wa saba watu wenu wanalitafuta.

Jambo la pili, nenda kwa wenye vibanda ukiwa mtu wa biashara. Kila kibanda kina ubao wa ratiba nje, na mimi kila asubuhi huandika kwa chaki mechi za siku, za hapa nchini na za Ulaya. Mechi yenu iandikwe ya kwanza kabisa juu ya ubao huo. Mkubaliane kwamba mwenye tiketi ya uwanjani ya siku hiyo anapunguziwa kiingilio cha kibanda. Mwenye kibanda atapata watu waliokuja kwa kundi moja, nanyi hamtaachiwa uwanja wakati wa mapumziko.

Mwalimu_Kihesa:

Kaka Katibu, wanaume wote hapa wanazungumza kana kwamba shabiki ni kijana wa kiume peke yake. Mimi ni mwalimu hapa Iringa mjini, na wakati timu yetu ya Lipuli ilipokuwa Ligi Kuu nilikuwa nikienda Uwanja wa Samora na mabinti zangu wawili. Mwaka 2019 timu ilipofika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Azam kule Lindi, tulifungwa 1-0, na yule binti mdogo alilia hadi akalala. Mtoto anayelia namna hiyo ni shabiki tayari.

Baadaye nilianza kuwapeleka kwenye mechi za timu ndogo za mtaani, na huko ndiko nilikoshindwa. Choo hakikuwa na komeo wala maji. Mahali pa kukaa palikuwa nyasi zenye umande, katikati ya vijana waliokuwa wakimtukania mwamuzi mama yake, na binti yangu akanigeukia na kuniuliza neno moja walilolisema maana yake ni nini. Tukaondoka dakika ya ishirini na hatukurudi tena. Hakuna kiongozi wa timu ile aliyejua kwamba amewapoteza watu watatu, kwa sababu hatukugombana na mtu, tulinyamaza tu na kwenda zetu.

Fanya hivi, kaka yangu. Azima mabenchi kutoka shule au kanisa la jirani, yapange upande mmoja, uzungushe kamba, na umweke pale mama mmoja mwenye heshima ambaye akimtazama kijana mwenye matusi, kijana huyo ananyamaza. Weka komeo kwenye choo na ndoo ya maji mlangoni. Mkaribishe mama lishe auze chai ya tangawizi na viazi, kwa sababu baridi ya Mufindi haimruhusu mtu kukaa saa mbili bila kitu cha moto mkononi. Gharama yake ni ndogo kuliko ya jezi mpya.

Mhazini_Mstaafu:

Nitakuwa mfupi. Niliwahi kushika fedha za klabu na tuliwahi kufuta kiingilio. Watu waliongezeka kwa mechi mbili, kisha wakapungua kama zamani, nasi tukakosa hata nauli ya ugenini. Mtoto aingie bure akiwa na mtu mzima. Mtu mzima alipe, lakini mpeni kadi ngumu ya kugongwa muhuri kila anapoingia, na akitimiza mihuri mitano mechi ya sita isiwe na malipo. Kadi iandikwe jina lake kwa mkono pale pale langoni. Hapo, Katibu, utakuwa umeuliza jina bila kumhoji mtu.

Mzee_wa_Rungwe:

Wanangu, nawasalimu kutoka Tukuyu. Mwaka 1986 timu yetu ya Tukuyu Stars ilichukua ubingwa wa Tanzania Bara, nami nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Watu hudhani niliipenda kwa sababu ya ubingwa. Nilianza kuipenda kabla, siku ambayo mchezaji mmoja wa ulinzi alinikuta sokoni nimebeba mkungu wa ndizi wa mama yangu, akanisaidia kuutua, akaniuliza, "Juzi ulikuwepo?" Nikamwambia sikuwepo. Akasema, "Jumamosi nitakutafuta." Sijui kama alinitafuta, lakini mimi nilikwenda, na kila aliponyanyua kichwa nilidhani ananitazama mimi.

Wachezaji wenu wanaishi mtaa mmoja na watu hao mnaowatafuta. Wengine bila shaka wanafanya kazi katika viwanda hivyo hivyo vya mbao. Baada ya mechi wasikimbilie kubadili nguo. Wazunguke ile kamba aliyoisema mwalimu, wawape watu mkono, na watoto waitwe waguse mpira. Siku za kazi wakikutana na mtu waliyemwona uwanjani wamwambie kwamba walimwona.

Katibu_Mafinga:

Mzee wangu, shikamoo, na asanteni nyote kwa kunijibu kwa moyo namna hii. Mwenye kibanda amepatia, siku ile tulianza saa 9 na nusu. Nimekaa na viongozi wenzangu jana usiku tukakubaliana tuombe mechi zetu zote za nyumbani ziwe Jumapili saa 8 mchana, na kiingilio kibaki, pamoja na kadi za muhuri. Mabenchi tumeahidiwa na shule ya jirani, na komeo la choo nimelifunga mwenyewe leo asubuhi. Dada mwalimu, mama wa kusimamia upande ule amepatikana, ni mama wa kipa wetu.

Kijana wa kiwandani nimemtafuta. Nilimkuta anapanga mbao, akashangaa kwamba katibu amekuja hadi pale kwa ajili yake, na nilipomuuliza kama atakubali kuwapitia wenzake siku ya mechi akaniuliza swali ambalo nilishindwa kulijibu: "Nikiwapitia halafu mechi ikahamishwa, nitawaambia nini?" Ratiba si yangu, na wasimamizi wa ligi hawajanijibu. Nifanyeje?

Mwana_Mwanjelwa:

Ratiba si yako, lakini taarifa ni yako. Chagua saa moja isiyobadilika, tuseme Ijumaa saa 12 jioni, na kila Ijumaa saa hiyo utume ujumbe mmoja mfupi kwa kijana huyo na wenzake wa stendi na sokoni, kuwe na mechi au isiwepo. Wiki isiyo na mechi ndiyo yenye thamani zaidi, kwa sababu hapo ndipo watakapojua kwamba hukosi. Ikihamishwa baada ya Ijumaa, mpigie simu kila mmoja wao kwa sauti yako na umwombe radhi, usimtumie ujumbe.

Katibu_Mafinga:

Nimelipokea. Ijumaa hii nimeanza, na bahati mbaya wiki yenyewe haina mechi. Nimewaandikia hivi: "Ndugu zetu, Jumapili hii hatuchezi, tunafanya mazoezi tu saa 8 mchana na mnakaribishwa kutazama. Ijumaa ijayo saa 12 jioni tutawaambia tena." Kijana wa kiwandani amejibu kwamba watakuja wanne.