Picha za mandhari ya theluji kutoka juu: paramota, droni au ndege ndogo?

Bawa_Jepesi:
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri kabla majira ya baridi hayajaisha. Nimeruka na paramota misimu miwili ya joto, na kamera nimeishika miaka mingi kabla ya hapo, ila kwenye theluji sijawahi kuvitumia vyote viwili pamoja. Ninachotafuta ni mandhari: mto ulioganda ukijipinda, mashamba yaliyofunikwa, matuta madogo ya theluji yanayochongwa na upepo. Droni ninayo tayari. Pia yupo rubani aliyekubali kunipandisha kwenye ndege ndogo.

Kwa asiyeijua paramota: ni bawa la kitambaa linalofanana na parachuti, pamoja na injini yenye propela unayoibeba mgongoni. Unakimbia hatua kadhaa, unapaa, unakaa kitini hewani bila kioo wala mlango.

Swali langu ni la picha tu, raha ya kuruka tuiweke pembeni. Ningechagua kipi? Na kama ni paramota, kitakachonishinda kwanza ni nini?

JichoLaMwewe:
Mkuu, hata kwa picha tu, mimi nasema paramota. Nimeitumia majira nane ya baridi, na sababu yangu kubwa ni moja: picha unaitafuta kwa macho yako, hewani, huku mwanga ukibadilika. Kwenye theluji mandhari ni mwanga tu. Jua la baridi linapita chini karibu siku nzima, hata nguzo ya uzio inatupa kivuli mara tano ya urefu wake. Ukisogea mita 50 upande mmoja, mifereji ya upepo inachomoza kama imechorwa kwa kalamu. Ukiendelea kidogo, uwanja wote unakuwa karatasi tupu. Kwenye kioo kidogo cha droni jambo hilo ni rahisi kukupita. Ukiwa kitini unaliona kwa kugeuza shingo.

Hewa nayo iko upande wako. Ardhi yenye theluji haipashi hewa joto, kwa hiyo ile misukosuko ya mchana wa kiangazi karibu haipo. Na kwenye nyuzi 5 chini ya sifuri hewa ni nzito kwa asilimia 9 hivi kuliko kwenye nyuzi 20, bawa linabeba vizuri na propela inasukuma zaidi.

Wengi wanaogopa mwendo, lakini piga hesabu. Kilomita 40 kwa saa ni mita 11 kwa sekunde. Kwa shata ya 1/1000 ya sekunde umesogea sentimita moja tu. Ukiwa mita 100 juu, na lenzi ya milimita 50 kwenye kamera ya fremu kamili ya megapikseli 24, pikseli moja inafunika sentimita moja na kidogo. Mwendo hauharibu kitu. Kinachoharibu ni mtetemo wa injini unaopita mgongoni mpaka kwenye viwiko. Usiegemeze mkono popote kwenye fremu ya paramota. Mimi napanda mita 30 juu ya pale ninapotaka picha, naachia eksileta injini ibaki ikinguruma chini kwa chini, napiga wakati bawa linateremka polepole.

Halafu tafuta eksileta ya mkono wa kushoto. Kitufe cha kamera kiko kulia. Ukishika vyote kwa mkono huohuo utapoteza kimoja.

Na usiiamini mita ya mwanga ya kamera. Inadhani kila inachokiona ni kijivu, basi theluji inatoka rangi ya majivu. Ongeza stopu moja hadi mbili (kila stopu ni mwanga mara mbili), kisha soma histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha.

Anayeona hiki si kifaa cha kazi amtazame George Steinmetz, Mmarekani aliyepiga picha za majangwa ya dunia kwa miaka mingi akiwa kwenye paramota. Mchanga na theluji vinapokea mwanga wa pembeni kwa namna moja.

PangaNne:
Nakuheshimu JichoLaMwewe, ila hapo umeruka jambo. Picha nyingi nzuri za barafu ziko chini ya mita 60, kamera ikitazama chini moja kwa moja: nyufa, mapovu yaliyogandia ndani, mpaka ambapo maji meusi yanakutana na barafu nyeupe. Injini ya paramota ikizima mita 60 juu ya mto ulioganda nusu, utatua wapi? Na mzigo uko mgongoni. Hapo droni haina mpinzani. Tena inarudi kwenye nukta ileile kila wiki, ukaona barafu inavyokua.

Udhaifu wake nautaja pia. Droni nyingi ndogo zimeandikwa mwisho ni nyuzi sifuri, zile kubwa kidogo nyuzi 10 chini ya sifuri. Betri ipashe joto kwanza, droni ielee dakika moja karibu na ardhi kabla hujaituma, na uirudishe chaji ikiwa asilimia 40, kwa sababu kwenye baridi chaji haishuki taratibu, inaporomoka. Kwenye ukungu unaoganda usirushe kabisa. Barafu inashika kwenye panga za propela na kuharibu umbo lake, ndani ya dakika chache droni haiwezi kujibeba. Na nchi nyingi haziruhusu droni kupita mita 120 juu.

MamaLenzi:
Nimepiga kutoka ndege ndogo mara nyingi, nitasema kwa ufupi. Chagua yenye mabawa juu na dirisha linalofunguka, maana kupiga kupitia plastiki ya dirisha ni kupoteza siku. Faida yake ni umbali: bonde zima na milima nyuma yake unavimaliza kwa saa moja. Hasara ni kwamba unapita mara mbili au tatu ya kasi ya paramota, kila nafasi inakupa sekunde chache, kisha mnazunguka upya na rubani lazima aelewe unachotaka. Kuna mguu wa gurudumu na nguzo ya bawa ndani ya picha. Kwa matuta ya upepo uliyoyataja, haifai. Kwa mto wote kutoka kilimani hadi ziwani, inafaa kuliko zote.

Fundi_Kabureta:
Nami niseme la injini, maana hapa watu wanaongea lenzi tu. Injini ya mipigo miwili uliyoiseti wakati wa joto, kwenye baridi inapata hewa nzito na petroli ileile. Mchanganyiko unakuwa mkavu, pistoni inapata moto kupita kiasi. Ongeza petroli kidogo kwenye kabureta. Iache ipashe dakika kadhaa kabla ya kuivuta mpaka mwisho. Pistoni inatanuka haraka kuliko silinda iliyo baridi, zikigusana zinakwanguana.

Kabureta kuganda hutokea zaidi karibu na sifuri kukiwa na unyevu, kuliko nyuzi 15 chini ya sifuri hewa ikiwa kavu. Ukisikia mzunguko wa injini unapungua polepole na wewe hujagusa eksileta, geukia uwanjani mara moja.

Propela iko nyuma yako, na kila unachokiangusha kinakwenda huko. Kamera iwe na mikanda miwili. Kifuniko cha lenzi kibaki garini. Lenzi haibadilishwi hewani.

Bawa nalo, likung'ute vizuri. Theluji inaingia kwenye vyumba vyake, inayeyuka mfukoni, kesho unakunjua kitambaa chenye mabonge ya barafu.

Bawa_Jepesi:
Asanteni sana, wakuu. JichoLaMwewe, vipi mikono? Hilo ndilo linalonipa hofu. Glavu ninazovaa nikiteleza kwenye theluji haziwezi hata kugeuza gurudumu la kamera.

JichoLaMwewe:
Una haki ya kuogopa, na hapo ndipo nilipotaka ufike. Uliuliza kitakachokushinda kwanza: ni vidole. Nyuzi 10 chini ya sifuri, ukienda kilomita 40 kwa saa, ngozi inapoa kana kwamba umesimama kwenye hewa tulivu ya nyuzi 21 chini ya sifuri. Na hujifichi nyuma ya chochote.

Mwaka wangu wa pili nilipaa na glavu nyembamba kwa ajili ya kamera. Dakika ya ishirini hivi nikabonyeza kitufe, kimya. Nikabonyeza tena. Nilipotazama, kidole kilikuwa kimekaa kwenye kitufe cha jirani na nilikuwa sikihisi kabisa. Picha haikuniuma. Kilichonishtua ni kukumbuka kwamba vidole hivyohivyo ndivyo vinavyoshika breki za bawa wakati wa kutua. Nilitua vibaya, nikapiga magoti kwenye theluji, na nilikaa garini nusu saa kabla mkono haujaanza kuchoma.

Sasa navaa tabaka tatu: glavu nyembamba ndani, glavu ya betri yenye joto juu yake, kisha mfuko wa mkono usio na vidole ninaouvua nikifika pa kupiga. Kila kitu naamua ardhini: shata, stopu za kuongeza, faili ghafi. Lenzi ni moja, ya milimita 24–105. Hewani kazi ya kidole ni kubonyeza na kuvuta zumu, basi. Betri ya akiba inakaa kifuani ndani ya shati. Ile iliyoishiwa kwa baridi huwa inarudi na nguvu kidogo ikipashwa joto. Na nashuka baada ya dakika 40 hata kama mwanga bado mzuri.

Asubuhi tulivu kuna zawadi pia. Baridi inalala bondeni, unapaa kutoka kwenye sakitu, na mita 200 juu unakuta hewa yenye joto zaidi kuliko uliyoiacha. Ukungu uko chini yako, vilele vya miti vinachomoza.

PangaNne:
Niongeze la kutua. Siku ya mawingu, theluji haina kivuli na jicho halipimi kimo. Weka kitu cheusi uwanjani kabla hujapaa, hata mfuko wa bawa, ili ujue ardhi iko wapi. Na nyaya za umeme zisome kwenye ramani. Kwenye weupe ule hazionekani.

MamaLenzi:
Mawili. Ukirudi, kamera ifungie kwenye mfuko wa plastiki huko nje kabla hujaingia ndani, uuache umefungwa mpaka kamera ipate joto la chumba. Vinginevyo unyevu unatanda mpaka ndani ya lenzi. La pili, ukiona kulungu au wanyama wengine kwenye theluji, pita mbali. Wakati huo chakula ni haba, wanaishi kwa akiba ya mwilini, na kila mbio unayowakimbiza inaikata.

Bawa_Jepesi:
Wakuu, nimerudi na majibu. Nilisubiri siku sita upepo utulie. Nyuzi 8 chini ya sifuri, jua limetoka nusu saa tu. Mbio za kupaa zilikuwa ngumu kuliko nilivyotegemea: theluji ilifika chini kidogo ya goti, mara ya kwanza nikaanguka kifudifudi na bawa likanifunika. Nikakanyagakanyaga njia ya hatua thelathini, mara ya pili nikapaa.

Kwenye mita 120 nilikuta kitu ambacho droni yangu ilishapita juu yake mara nyingi bila mimi kukiona. Upande wa kusini wa mto kuna shamba lenye uzio wa zamani, nguzo nyingi zimelala. Nguzo zenyewe hazionekani, zimefunikwa. Lakini nyuma ya kila moja upepo umeacha mkia mrefu wa theluji, yote ikielekea upande mmoja, na jua la pembeni lilitia bluu upande wa kivuli. Nilizunguka mara nne. Mara tatu za kwanza pembe ilikuwa mbovu. Ya nne niliachia eksileta, nikapiga picha saba, mbili ni kali hadi pembezoni.

Fundi, nilisikia mzunguko ukishuka mara moja, nikageuka uwanjani kama ulivyosema. Ulirudi wenyewe, lakini sikuendelea. Vidole vilivumilia dakika 35.

Barafu ya mtoni sikuisogelea. Jumamosi naipeleka droni pale kwenye kona ambapo maji bado yanatembea, betri nikiwa nimezitia kifuani. PangaNne, nikipiga chini moja kwa moja kwenye barafu nyeusi, stopu niongeze vilevile?

PangaNne:
Hapana. Barafu nyeusi iache kwenye sifuri, hata punguza theluthi moja ya stopu. Weupe uliobaki pembeni ndio utakaoungua kwanza, yaani kubaki mweupe tupu.