Naomba ushauri: Jumla za kuhama kaunti Marekani (data za IRS, mamlaka ya kodi ya Marekani) zinanizidi

Msaka_Takwimu: Wakuu, salaam. Nina faili mbili za IRS za 2021–2022, countyinflow (wanaoingia kaunti) na countyoutflow (wanaotoka). Nataka kujua kaya ngapi zilitoka Los Angeles kwenda Maricopa, Arizona, na zilihama na kipato kiasi gani. Nikijumlisha safu ya n1 (idadi ya ritani, yaani fomu za kodi za mwaka) kwa Los Angeles napata mamilioni. Nakosea wapi?

Bi_Jedwali: Umejumlisha na mistari ya jumla, mkuu. Misimbo ya jimbo 96, 97 na 98 si majimbo: 96 ni wahamaji wote, 97 ni wa ndani ya Marekani, 98 ni wa nje ya nchi. Halafu kuna mstari ambao kaunti ya kutoka na ya kwenda ni ileile. Hao hawajahama, na ndio wanaoleta hayo mamilioni. Ondoa yote hayo kwanza. Misimbo 57, 58 na 59 usiitupe, ni mafurushi ya mikondo midogo: mkondo wa ritani chini ya 20 hauonyeshwi peke yake. Ukikuta -1, hiyo ni thamani iliyofichwa, usiijumlishe.

Kunguru_wa_Data: Angalia na sifuri za mbele za misimbo ya jimbo na kaunti. Los Angeles ni 06037, Maricopa 04013. Excel ikila sifuri, Bullock ya Alabama (01011) inabaki 1 na 11, Washington DC (11001) inabaki 11 na 1. Ukiziunganisha zote zinakuwa 111! Ingiza safu hizo kama maandishi: tarakimu 2 za jimbo, 3 za kaunti.

Msaka_Takwimu: Shukrani sana. Na safu ya agi ndiyo pesa iliyoondoka LA (Los Angeles)?

Bi_Jedwali: Hapana, na hapa ndipo ripoti nyingi zinapopotosha watu. Agi ni kipato cha kaya kwenye ritani ya mwaka wa pili. Kwa faili yako, ni ritani iliyowasilishwa 2022, yaani kipato cha 2021. Huenda sehemu yake ilipatikana kwenye kazi mpya huko Maricopa. Na aliyeacha kazi LA, nafasi yake inaweza kuwa imechukuliwa na mwingine. Andika “kipato cha kaya zilizohama”, usiandike “kipato kilichopotea”.

Kiasi cha agi kiko kwa maelfu ya dola. Mfano tu: agi 50,000 kwa n1 500 ni wastani wa dola 100,000 kwa ritani. Wastani huo huvutwa juu na matajiri wachache, kwa hiyo usiseme ndiyo kaya ya kawaida.

Kunguru_wa_Data: Niongezee: n1 ni ritani, inakaribia kaya, n2 inakaribia watu. Aliyekosa kuwasilisha ritani katika mwaka wowote kati ya miwili hayumo, hivyo maskini na wazee wengi hawahesabiwi. Na ukitaka mfululizo mrefu, usiunganishe kabla na baada ya 2011–2012, maana njia ya kulinganisha ritani ilibadilishwa.